Rangi Huanzia Kikombeni

Sabuni ya kutengeneza nyumbani huhukumiwa kwa macho kabla haijaguswa na maji. Mnunuzi hukigeuza kipande akitafuta madoa. Rangi ikiwa moja toka pembe hadi pembe, ujue fundi alijituma mapema, sabuni ikiwa bado nyepesi.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kikombe. Kwa kila nusu kilo ya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha rangi ya unga kinatosha. Fundi huilowesha kwa mafuta kidogo aliyoyatoa katika kipimo chake, kisha huisaga kwa mgongo wa kijiko, akiikandamiza ukingoni mwa kikombe. Hudondosha tone kwenye sahani nyeupe na kulivuta kwa kidole. Likiacha vichembe, anarudia kusaga. Mteja haoni hatua hii, na kwangu mimi ndiyo yenye heshima kubwa kuliko zote.

Kostiki soda huwa imekwisha kumiminwa kwenye maji na kupoa. Ni kostiki kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka. Ikikutana na mafuta, mchanganyiko hukorogwa hadi uwe uji mwepesi, na hapo ndipo rangi huingia. Ukichelewa ukaitia kwenye uji mzito, itabaki mabaka.

Lakini kostiki nayo ina maamuzi yake. Choya, yenye wekundu wa kuvutia kwenye juisi, huishia rangi ya tope. Manjano huiva wekundu wa tofali mara tu inapoguswa, halafu hurudi polepole kwenye dhahabu kadiri sabuni inavyokomaa. Ukiianika juani, hufifia. Oksaidi ya chuma haitikisiki. Kule Paje, Unguja, wanawake hutia unga wa mwani kwenye sabuni zao. Mbinga ina kahawa, na unga wake hutoa kahawia tulivu huku ukisugua ngozi taratibu.

Mafuta pia yana rangi yake. Mawese yasiyosafishwa, kama yale ya Kyela, yana unjano wake mzito. Ukiyatilia bluu utapata kijani, upende usipende. Fundi wa Mapera, huko Umatengo wilayani Mbinga, anayetumia mawese hana budi kupiga hesabu hiyo kabla ya kufungua pakiti. Tena baridi ya Umatengo mwezi wa Julai huyagandisha mafuta, kwa hiyo huyapasha moto kwanza. Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, shida ni kinyume chake: joto hukusanyika katikati ya boksi la kumiminia sabuni, na ukikata mche unakuta duara lenye rangi iliyokolea, pembeni pamepauka. Anayelijua hilo humimina kwenye boksi lisilo na kina kirefu na haifuniki sabuni kwa blanketi.

Baada ya hapo vipande hukaa kivulini wiki nne hadi sita. Ni muda mrefu kwa mtu mwenye ada ya shule ya kulipa, na bado mafundi wazuri husubiri.

Ukienda kununua, kiloweshe kipande na ukisugue kwenye kitambaa cheupe. Povu likitoka jeupe na kitambaa kisipate rangi, usiombe kupunguziwa bei.