Mapenzi ya Mastaa na Nafasi ya Uria

Mwaka mmoja, majuma machache kabla ya Pasaka, vijana wa usharika wetu hapa Mbwera walileta ombi mbele yetu sisi wazee wa kanisa. Walitaka kuigiza mapenzi ya Steven Kanumba na Elizabeth Michael, ambaye wengi tunamfahamu kwa jina la Lulu. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Wengi wetu bado tunakumbuka tulikuwa wapi taarifa ile ilipotufikia. Vijana wakauliza: kwa nini kanisa lisitumie kumbukumbu hiyo kuwaonya watu juu ya wivu, siri na hasira?

Walikuwa wameshapanga kila kitu. Kijana fulani angekuwa Kanumba, binti fulani angekuwa Lulu. Simu ingelia, ugomvi ungeanza, taa ingezimwa. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake alikuwa ameketi nyuma akisubiri kikao chake. Akauliza, "Wanangu, mama mzazi wa marehemu yuko sehemu gani ya igizo lenu?" Hakuwa na sehemu. Akauliza tena, "Na huyo binti, siku akiingia humu kusali na kuketi benchi la mbele, mtaliendeleza?" Hakuna aliyejibu.

Makala hii imetokana na maswali hayo mawili. Hatuiandiki ili kuwasema vijana, maana hata sisi wakubwa tunazipenda hadithi za namna hiyo. Filamu zinazoigiza mapenzi ya kweli ya waigizaji maarufu zipo nyingi, na zinatufikia hata huku deltani, kwenye fleshi na memori kadi. Tunaziangalia kwenye kibanda umiza kwa umeme wa sola, tunacheka, tunasikitika, tunarudi nyumbani tukiamini tumewajua watu. Amri inayotukataza kumshuhudia mwenzetu uongo haikusema kwamba sinema imesamehewa.

Sisi watu wa delta ya Rufiji tuna sababu yetu ya kutokuamini kila tunachooneshwa. Mwaka 1976 ilitoka filamu iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith, wakiigiza Lee Marvin na Roger Moore. Humo meli ya kivita ya Wajerumani imejificha ndani ya delta yetu, inaitwa Blücher, na mashujaa wa hadithi ndio wanaoiangamiza kwa bomu. Meli iliyojificha huku hasa iliitwa Königsberg. Waingereza waliizuia isitoke tangu mwishoni mwa 1914. Tarehe 11 Julai 1915 manowari zao mbili, Severn na Mersey, zilizoweza kupita kwenye maji ya kina kifupi, ziliipiga huku ndege ikizielekeza kutoka angani, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia kuizamisha. Baadaye mizinga yake ilitolewa ikavutwa hadi Dar es Salaam kwa nguvu za mikono ya Waafrika. Hata mto unaoonekana kwenye filamu ile si wetu, kwa kuwa picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta.

Hatuna ugomvi mkubwa na filamu hiyo. Ni hadithi ya kubuni, na imebadilisha hata jina la meli. Lakini ilitufundisha jambo moja: kamera humfuata shujaa, na waliovuta mizinga hubaki nje ya picha. Jambo hilo tulilikuta tena tulipotazama filamu za mapenzi ya mastaa.

Kijana wetu mmoja anayesoma Dar es Salaam alituletea filamu mbili kuhusu Elizabeth Taylor na Richard Burton, akakaa kututafsiria. Wawili hao walikuwa mastaa wakubwa wa karne iliyopita. Walipendana mwaka 1962 huko Roma wakitengeneza filamu ya Cleopatra. Wakati huo yeye Taylor alikuwa mke wa Eddie Fisher, na Burton alikuwa mume wa Sybil na baba wa mabinti wawili. Ulimwengu ulipiga kelele, na hata gazeti la Vatican lilimkemea Taylor. Walifunga ndoa Machi 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena Oktoba 1975 kando ya mto Chobe nchini Botswana, wakaachana tena 1976. Burton alifariki Agosti 1984, na Taylor Machi 2011.

Filamu ya kwanza, Liz & Dick, ilioneshwa kwenye televisheni Marekani mwaka 2012, Lindsay Lohan akiwa Taylor na Grant Bowler akiwa Burton. Inataka kusema yote, kuanzia Roma hadi kifo. Kwa hiyo inakimbia. Almasi, ugomvi, ndege, ugomvi, ndoa, chupa, machozi. Sybil yumo, lakini anapita kama mtu aliyekosea mlango. Hatupewi muda wa kuketi naye baada ya mumewe kuondoka. Tulipomaliza kutazama, binti mmoja alisema kwa furaha, "Walipendana kweli hawa!" Hatumlaumu. Hilo ndilo filamu ilimwomba aone, na vilio vya nyumba mbili zilizovunjika vimefunikwa na muziki.

Ya pili, Burton and Taylor, ilitengenezwa na BBC mwaka 2013, wakiigiza Helena Bonham Carter na Dominic West. Hii inachagua msimu mmoja tu, mwaka 1983, wawili hao wakiwa wameshaachana mara mbili na wakakubali kuigiza pamoja jukwaani Marekani. Mchezo wenyewe, wa Noël Coward, unahusu mume na mke walioachana wanaokutana tena wakiwa na wenzi wapya. Watu hawaji kutazama mchezo. Wanakuja kuwatazama wao, waone kama moto bado unawaka. Taylor anameza dawa na kunywa, Burton anapambana asirudie pombe, na kati yao kuna upendo ambao hauwezi tena kujenga nyumba. Kwa maoni yetu filamu hii ni bora kuliko ya kwanza, wala si kwa sababu inawatukuza wala kuwahukumu. Ni bora kwa sababu inakaa mahali pamoja mpaka bei ya yale mapenzi ionekane usoni mwa watu wenyewe. Inatuonesha hata sisi watazamaji, tulionunua tiketi ili kuchungulia majeraha ya watu.

Hata hivyo, hata hii bora imewalipia wapenzi tu. Walioachwa nyuma mwaka 1962 hawana kiti ndani yake.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba Biblia nayo inasimulia mapenzi ya mtu maarufu kuliko wote wa wakati wake. Katika Samweli wa Pili, sura ya 11, mfalme Daudi anamwona Bathsheba akioga. Mwandishi angeweza kutuacha pale juu ya darini, kwenye macho ya mfalme na uzuri wa mwanamke. Anayasema hayo kwa mistari michache tu. Kisha anageuka na kumfuata Uria. Tunaambiwa jina lake, kabila lake, alivyoitwa kutoka vitani, alivyokataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako kambini, alivyolala mlangoni pa nyumba ya mfalme, na alivyobeba mwenyewe barua ya kifo chake. Na mambo hayakuishia hapo. Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu, miaka mingi baadaye, hamtaji Bathsheba kwa jina. Anamtaja kama mke wa Uria. Yaani hata kwenye orodha ya ukoo wa Masihi, mtu aliyelipa gharama ya mapenzi yale hakufutwa.

Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza. Biblia haikuficha dhambi ya Daudi, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mapenzi ya watu wakubwa yasiigizwe kabisa. Kunyamaza nako si utakatifu. Lakini igizo la haki linajulikana kwa namna linavyomtendea Uria.

Tulipolirudia ombi la vijana kwa kipimo hicho, tuliona ugumu ambao mwanzoni hatukuuona. Usiku ule Sinza watu wawili walikuwa chumbani, na mmoja hayupo tena kusema. Mahakama Kuu ilisikiliza mashahidi, ikachukua muda, na Novemba 2017 ikamtia Lulu hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitolewa gerezani kumalizia adhabu kwa kutumikia jamii. Hayo yanajulikana. Lakini mwigizaji hawezi kuigiza hukumu. Lazima aigize uso, sauti, mkono uliosukuma au haukusukuma. Kila atakachochagua kitakuwa ushuhuda juu ya mtu aliye hai, ambaye ameshatumikia adhabu yake, na juu ya marehemu asiyeweza kujitetea. Kazi iliyoichukua mahakama miaka, sisi tungeimaliza kwa dakika kumi na tano na makofi.

Tena tungemnyang'anya Kanumba maisha yake. Mtu aliyepitia kundi la Kaole, aliyeshirikiana na waigizaji wa Nigeria katika Dar to Lagos, aliyetufanya watu wa vijijini tuone kwamba filamu za Kiswahili zinaweza kuvuka mipaka, angebaki kuwa usiku mmoja tu. Na mama yake, ambaye kila Pasaka inamrudishia msiba, angekuwa bado hana sehemu.

Si wote kati yetu tuliokubaliana. Mzee mmoja alisema, na bado anasema, kwamba vijana hawatishwi na Uria wa zamani. Wanatishwa na mtu waliyemwona kwenye skrini, mwenye nguo kama zao na simu kama yao. Kuna ukweli ndani ya neno hilo, nasi hatukulijibu lote. Tulisema tu kwamba onyo halifai kununuliwa kwa jina la mtu mwingine.

Vijana waliamua wenyewe. Jioni ya Pasaka waliigiza kisa cha Daudi. Kijana aliyekuwa Uria alilalamika kwamba maneno yake ni machache, akaambiwa ndivyo alivyopewa. Wakamlaza kwenye mkeka pale mlangoni mwa kanisa tangu mwanzo wa igizo, na akakaa pale pale mfalme akiwa mbele anacheka na kuamrisha. Boti ya jioni ilichelewa siku hiyo, na watu waliotoka nayo waliingia mmoja mmoja. Kila mmoja ilimbidi asimame, atazame chini, na kumruka.