Mashine Inayongoja Utepe wa Karatasi

Kwenye vidhibiti vingi vya Fanuc vya miaka ya 1990, ukitaka kutoa programu kwenye mashine iende kwenye kompyuta, kitufe cha kubonyeza kimeandikwa PUNCH, yaani toboa. Hakuna karatasi inayotobolewa tena, lakini neno limebaki, na ndani yake mna siri ya kazi nzima: mashine hiyo bado inaamini kwamba mwisho wa waya kuna kifaa cha utepe wa karatasi. Ukilishika hilo, mipangilio yote ya mawasiliano inapata maana, na unaacha kubahatisha.

Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga vyuma (milling) iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Baadaye, katika msimbo wa ISO, kila herufi ikawa safu moja ya matundu: nafasi saba za herufi yenyewe, na ya nane ya kuhakikisha kwamba idadi ya matundu katika safu ni shufwa daima. Safu ikisomeka witiri, msomaji anajua kuna kosa. Ndiyo maana hadi leo mashine hizi hupangwa biti saba na pariti shufwa, wakati kompyuta nyingi huanza na biti nane bila pariti. Hata kumbukumbu ya kidhibiti ilihesabiwa kwa mita za utepe. Mita 80 ni herufi zipatazo 31,500, kwa kuwa kila herufi huchukua milimita 2.54.

Mashine tuliyoiunganisha na kompyuta, yenye kidhibiti cha aina hiyo, ni ya kukereza vyuma. Ilifika karakanani ikiwa imeshatumika miaka mingi, bila kebo wala kitabu. Opereta alikuwa akiingiza programu kwa kidole, mstari baada ya mstari. Alijua hatari yake: kwa jinsi ilivyopangwa, X50 bila nukta ni milimita 0.05, si milimita 50.

Tulianza na waya. Nilikuwa nimenunua kebo iliyounganishwa pini zote 25, nikaona tumeokoa muda. Fundi umeme akanishika mkono. "Usichomeke bado, tupime kwanza." Akaweka mita kati ya pini 7 na pini 25 za tundu la mashine, ikasoma volti 24. Pini 25 iliwekwa ili kulisha umeme vifaa vya nje vya enzi zile. Kebo ile ingepeleka umeme huo moja kwa moja kwenye kompyuta.

Basi tukalehemu kebo yetu ya nyaya tatu tu. Upande wa mashine, wenye pini 25, pini 2 inatuma, pini 3 inapokea, na pini 7 ndiyo waya wa pamoja. Upande wa kompyuta, wenye pini tisa, 2 inapokea, 3 inatuma, na 5 ni ya pamoja. Kwa hiyo 2 ikaenda kwa 2, 3 kwa 3, na 7 kwa 5. Zikabaki pini za kuulizana utayari. Mashine haitumi chochote mpaka iambiwe kwamba mwenzake yuko tayari, nayo isiposikia hutoa alamu 086. Tulifunga 4 na 5 pamoja, kisha 6, 8 na 20 pamoja, ili ishara ya utayari wa mashine yenyewe iirudie. Tulizima mashine na kompyuta kabla ya kuchomeka, na ngao ya kebo tukaiunga na ethi upande wa mashine pekee.

Kisha mipangilio. Parameta 0020 tuliiweka 0, kuchagua mlango wa kwanza. Parameta 0103 tuliiweka 10, yaani baudi 4800. Kwenye kompyuta tukaweka 4800 hiyohiyo, biti saba, pariti shufwa, biti mbili za kusimamisha, na udhibiti wa XON na XOFF. Hapo kila herufi inabeba biti 11, hivyo kwa sekunde zinapita herufi kama 436. Kumbukumbu nzima ya mita 80 hujaa kwa sekunde 72 hivi. Sikuona haja ya kukimbilia kasi kubwa zaidi.

Hatua ninayoisisitiza kwa kila fundi ni hii: toa kabla ya kuingiza. Tulibonyeza PUNCH, na kwenye kioo cha kompyuta zikatoka herufi zilizovurugika. Hilo lilikuwa jibu tosha: waya ni mzima, kasoro iko kwenye mipangilio. Ungeanza kwa kuingiza, ungepata alamu 085 tu, bila kuona kilichoharibika. Tulikuta pariti tuliyodhani tumeiweka kwenye kompyuta bado haijawashwa. Tulipoiwasha, ikatoka alama ya %, kisha O na namba ya programu, kisha mistari yote, na % nyingine mwishoni. Alama hiyo nayo ni ya utepe: ndiyo iliyomwambia msomaji utepe unaanzia wapi na unaishia wapi. Faili isiyokuwa nayo, mashine haijui pa kuanzia wala pa kuishia.

Kuingiza kulileta alamu 087. Mashine ilikuwa ikisema XOFF, subiri, lakini adapta ya USB iliyounganisha kebo na kompyuta ilikuwa imeshashika herufi nyingi kwenye akiba yake na ikaendelea kuzimwaga. Tulipunguza akiba hiyo kwenye mipangilio ya adapta, alamu ikakoma.

Programu ya kwanza ilipita, lakini faili ninayoithamini zaidi ni ile ya parameta, tuliyoitoa siku hiyohiyo. Kumbukumbu ya mashine hii inashikiliwa na betri ndogo. Betri ikifa, parameta zote hufutika na mashine haikerezi tena. Sasa ziko mahali pawili nje ya mashine, na kebo ya kuzirudishia inaning'inia kando ya kabati lake.