Filamu Nne na Sala Zisizojibiwa

Filamu zimekwisha kupata nafasi katika maisha ya makanisa yetu. Zamani lilikuwa gari lenye jenereta na kitambaa cheupe, likifika kijijini jioni kuonyesha filamu ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979, ile iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Leo vijana wanatembea na filamu kwenye simu, na kumbi nyingi za sharika zina projekta. Tukishatazama, tunaongea: ipi imetugusa, ipi imetuchosha, ipi tungependa kuirudia. Maongezi hayo ni mepesi, wala si vibaya yakiwa mepesi. Hata hivyo lipo swali moja ambalo tunaona halipaswi kukosekana ndani yake. Filamu inayohusu imani inamwambia nini mtu aliyeomba na asipewe alichoomba?

Tunauliza hivyo kwa sababu mtu huyo tunaye kila Jumapili. Ni mama aliyefunga na kuomba mtoto wake apone, na mtoto akazikwa. Ni kijana aliyeiombea ndoa ya wazazi wake miaka yote, na mwisho baba akahama nyumba. Hawa hawajaacha kanisa. Wanaimba pamoja nasi na kutoa sadaka pamoja nasi. Tukiwaalika kutazama filamu, wataondoka ukumbini wakiwa wamebeba nini? Kwa kipimo hicho tumezitazama filamu nne, za zamani na za karibuni.

Tuanze na ile inayofahamika zaidi makanisani, War Room, iliyotoka Marekani mwaka 2015 chini ya mwongozaji Alex Kendrick. Elizabeth na mumewe Tony wana kazi nzuri, nyumba nzuri na binti mmoja, lakini ndoa yao inakufa. Mama mzee, Bi Clara, anamfundisha Elizabeth kuacha kupigana na mumewe na kwenda kupiga magoti ndani ya kabati la nguo. Lipo jema kubwa katika filamu hii, na tusilidharau. Inaonyesha kwamba kuomba ni kazi yenye ratiba, karatasi ukutani na machozi. Wapo walioitazama wakarudi nyumbani na kutenga pembe yao ya sala. Hilo ni tunda.

Tatizo letu ni kasi ya majibu. Elizabeth anaomba, na Tony, aliyekaa mezani na mwanamke mwingine, anashikwa na tumbo usiku huo huo. Baadaye Tony anapoteza kazi, lakini anatubu, anaungama wizi wake kazini na kuponyoka mkono wa sheria, na familia inasimama tena. Kila ombi lina risiti yake. Mtu aliyeomba miaka ishirini bila risiti anabaki na maelezo mamoja tu: labda sikuomba vizuri. Filamu haisemi hivyo kwa kinywa, lakini namna ilivyopangwa inasema. Tena mlango wa kutokea ulikuwapo. Bi Clara mwenyewe ni mjane mwenye majuto juu ya ndoa yake. Laiti filamu ingekaa naye kaburini kwa mumewe muda mrefu zaidi, ingempa kiti yule mama wa benchi la nyuma. Inampita haraka.

Mtu anaweza kudhani basi tunataka filamu zisizo na miujiza. Sivyo, na ushahidi wetu ni Ordet, filamu ya Denmark ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Carl Theodor Dreyer. Imetokana na tamthilia ya Kaj Munk, mchungaji wa Kilutheri aliyeuawa na Wanazi mwezi Januari 1944. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, inakwenda taratibu, na kijana aliyezoea filamu za mapigano atapiga miayo katika nusu saa ya kwanza. Tunamsihi avumilie.

Mzee Borgen ana wana watatu. Mikkel hana imani. Johannes amechanganyikiwa akili na anajiona kuwa ni Kristo. Anders anataka kuoa binti wa fundi cherehani, ambaye kikundi chake cha dini hakielewani na mzee. Anayeishikilia nyumba yote ni Inger, mke wa Mikkel. Inger anashikwa na uchungu, mtoto anakufa, kisha Inger naye anakufa. Mzee alikuwa ameomba. Wote walikuwa wameomba.

Dreyer hakimbilii muujiza. Anatuweka chumbani na jeneza. Saa ya ukutani imesimamishwa. Mzee anapomfariji mwanawe kwamba roho ya Inger iko kwa Mungu, Mikkel anajibu kwamba aliupenda na mwili wake pia. Ni jibu la mtu asiye na imani, na bado ni jibu la kweli kuliko faraja nyingi tunazozitoa misibani. Ndipo Johannes anaporudi, akili zake zimetulia, na kuwauliza waumini waliojaa chumbani kwa nini hapana hata mmoja wao aliyemwomba Mungu amrudishe Inger. Anayemwamini ni binti mdogo wa marehemu, aliyemshika mkono na kumhimiza afanye haraka. Inger anafumbua macho.

Kwa nini muujiza huu hautuudhi? Kwanza, umekuja baada ya kifo kuheshimiwa. Pili, haukuwa malipo ya sala iliyopangwa vizuri, maana wenye sala zilizopangwa walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Tatu, na hili ni rahisi kulikosa, Inger anauliza habari za mtoto, na Mikkel anamwambia kwamba anaishi, kwa Mungu. Yaani hata siku hiyo ya ajabu kuna mtoto asiyerudi. Mama wa benchi la nyuma anaweza kuitazama filamu hii mpaka mwisho bila kuhukumiwa.

Filamu ya tatu ni ya Ufaransa, Des hommes et des dieux, ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Xavier Beauvois. Inafuata habari ya kweli ya watawa Watrapisti wa Tibhirine, Algeria. Saba kati yao walitekwa mwezi Machi 1996 wakati wa vita vya ndani na kuuawa, na mwaka 2018 Kanisa Katoliki likawatangaza kuwa wenyeheri. Swali la filamu ni moja: tuondoke au tubaki? Wanapokaa mezani mara ya kwanza kulijadili, hawakubaliani. Wengine wanataka kuondoka, na filamu haiwaiti waoga.

Tukio tunalolikumbuka kuliko yote ni la usiku. Ndugu Christophe anaomba peke yake chumbani, kwa sauti ya mtu anayezama, akimsihi Mungu asimwache. Wenzake wanamsikia kupitia ukuta. Hakuna malaika, hakuna nuru, hakuna sauti. Kunakucha, na Christophe anaamka kufanya kazi za shamba. Waislamu wa kijijini, wanaotibiwa bure na mtawa mzee, Ndugu Luc, wanawaambia watawa kwamba wao wanakijiji ni ndege na watawa ni tawi wanalotua. Hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana, na halikuja kwa njia iliyoombwa. Ulinzi hawakupewa. Walipewa sababu ya kubaki. Katika Gethsemane Bwana wetu aliomba mara tatu kikombe kiondoke, na Paulo naye aliomba mara tatu juu ya mwiba wake (2 Wakorintho 12). Filamu hii inaijua njia hiyo.

Ya nne ni ya jirani zetu wa Kenya: Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ina dakika 74 tu na haijajitangaza kuwa filamu ya dini. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa ambaye hospitali haina tena la kumfanyia. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamleta nyumbani apumzike. Dada yake, Mwix, anaona kulala tu ni kusubiri kifo, kwa hiyo anawashawishi majirani wajifanye kwamba Jo ana nguvu hizo, na baadaye kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake.

Tumebishana sana juu ya filamu hii. Wenzetu wengine walisema ni kumdanganya mtoto, na imani haijengwi juu ya uongo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuangalie kile Jo anachokijua. Si mtoto aliyedanganyika kwa muda mrefu. Anajua kuwa anakufa. Anachokipokea kutoka kwa wanakijiji ni muda wao. Fundi anaacha kazi, watoto wanaacha mchezo, na mama aliyetaka kumfungia ndani kwa upendo anajifunza kumwachia kwa upendo. Jo hakupona. Lakini hakufa akiwa peke yake na dari ya chumba. Tunaokwenda kuwaona wagonjwa tukasoma sala dakika tano kisha tukaaga, filamu hii inatuhusu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama ni wewe unayechagua filamu ya vijana au ya akina mama, hatukuambii uache War Room. Ionyeshe, na mwezi unaofuata onyesha Supa Modo au ile ya watawa, ili aliyejibiwa na asiyejibiwa wote wapate mahali. Taa zikiwashwa, usikimbilie kuhubiri. Waulize kwanza ni mtu gani ndani ya filamu aliyefanana nao, kisha unyamaze kidogo. Mara nyingi atakayesema wa kwanza ni mchangamfu. Msubiri wa pili na wa tatu. Yule aliyefiwa huchelewa kuinua mkono, na huenda neno lake ndilo usharika ulilohitaji kulisikia jioni hiyo.