Popobawa Anahitaji Michoro Mitatu Tu

F. W. Murnau alipotengeneza filamu ya Nosferatu mwaka 1922 kule Ujerumani, nguvu nyingi za mnyonya damu wake zilitoka kwenye kamera. Kifuniko cha jeneza kinajiinua na kujifunga chenyewe: kinasogezwa kidogo, inapigwa fremu moja, kinasogezwa tena. Ni kazi ileile ya katuni za vinyago. Gari la farasi linalompitisha mgeni msituni linakwenda mbio kwa kushtukashtuka, na kipande kimoja kimeonyeshwa kwa negativu, miti myeupe, mbingu nyeusi.

Kiumbe hai akitembea, goti hupinda na bega likafuata. Ondoa hatua hizo za katikati, jicho litashtuka kabla ya akili. Genndy Tartakovsky, katika filamu ya katuni Hotel Transylvania ya 2012, alizibana hatua hizohizo ili watu wacheke.

Unguja tunaye Popobawa. Hanyonyi damu (hiyo simulizi za pwani humwachia mumiani), lakini naye huja usiku, kwa mabawa ya popo. Mwaka 1995 hofu yake ilipotoka Pemba ikafika huku, watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mgonjwa wa akili asiye na hatia aliuawa na umati uliodhani ndiye. Kwa hiyo siafikiani kabisa na wanaotaka kumchora mzima kwenye katuni, na uso wake, jicho na kucha. Ukimpa sura, umempa mtazamaji mtu wa kumsaka mtaani.

Mwigizaji lazima aje na uso wake, mchoraji halazimiki. Chukua ukuta wa chokaa wa uchochoro wa Mji Mkongwe, na taa moja. Sekunde ina fremu 24, na katuni nyingi hutumia michoro 12, kila mmoja fremu mbili. Hapa mchoro wa kwanza ushike fremu nane, ncha ya bawa ikigusa ukingo wa baraza. Wa pili, fremu mbili tu, kivuli kimefunika dirisha. Wa tatu ni ukuta mtupu. Waliolala barazani ndio wachorwe kwa mwendo kamili: mkono unaovuta kanga, mtoto anayejigeuza, mzee anayechochea kuni. Kazi kubwa iwe hapo.

Na kama katuni hiyo itaonyeshwa Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, kivuli kikolezwe weusi, maana uwanja ule uko wazi na mwanga wa nje hufifisha giza la skrini.