Karoti kwa Watoto wa Likizo!

Waliofika Kawangware Jumamosi ile ya kwanza ya likizo ya Aprili walijionea, kwa hivyo sina haja ya kuisimulia sherehe ya bustani yetu. Nina shida na tuta la watoto, lile la kushoto ukiingia bustanini, na mbegu iliyotiwa humo. Karoti! Watoto wana likizo ya wiki tatu, kamati ya bustani inawapa karoti.

Tupige hesabu. Mbegu ya karoti huchukua siku 10 hadi 20 kuchomoza. Ikichomoza ni uzi tu wa kijani, hata mkulima mzee huikosea akadhani ni nyasi, seuze mtoto wa miaka sita. Haipendi kuhamishwa, basi hakuna kupandikiza miche, kazi ambayo watoto huigombania. Ikisongamana sharti ipunguzwe, yaani umwambie mtoto ang'oe alichopanda kwa mkono wake. Kuvuna ni baada ya miezi mitatu hivi, shule zimeshafunguliwa kitambo. Tena ni mbegu ndogo mno: mtoto akimwaga maji kwa mkebe, inasombwa hadi mwisho wa tuta.

Siku ya nne nilimkuta mvulana amechuchumaa, kidole kimezama udongoni.

"Mwalimu, zimekufa?"

Ningemjibu nini? Kesho yake alichimbua kipande kizima akizitafuta. Kamati nayo ikaleta bango: USIKANYAGE. Jiji hili lina ugonjwa huo tangu nikiwa mdogo. Mkishindwa kumpa mtoto kazi, mnampa bango. Kufikia wiki ya pili, waliobaki walikuwa wanafuata maji ya bomba tu.

Kivuli kilikuwa kizuri, bomba liko kwenye kimo cha mtoto, na uzio hauna seng'enge. Hongera.

Lakini kunde ilikuwa na kosa gani? Mbegu yake hushikika kwa vidole vidogo. Hutoka siku ya nne au ya tano, tena kwa vituko: shina limejikunja, limejitwika bonge la udongo kama mchukuzi wa soko la Marikiti. Majani machanga huchumwa baada ya wiki tatu au nne, mtoto akampelekea nyanyake mboga ya jioni. Dania ingefuata, na terere.

Sisi wa 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kwa walioingia mjini juzi) hatukuhitaji semina kulijua hilo. Mwalimu wetu alianza na kinachoota upesi, na kila mtoto alikuwa na mstari wake. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipozifufua klabu hizo nilishangilia. Mpaka leo nasubiri kuona majembe mtaani kwetu.

Na Wangari Maathai je? Kina mama wa vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza 1977, walipewa kijihela kwa kila mche ulioshika. Mche uliopandwa ukafa haukuhesabiwa. Linganisha na ile sikukuu yetu ya kupanda miti, 13 Novemba 2023: picha niliziona tele, ila sijakutana na aliyerudi kuihesabu miche.

Hata gunia lingewafaa kuliko tuta lile. Kibera walilizoea tangu 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités lilipowasaidia kulima magunia: udongo na samadi, mawe katikati ya kupitishia maji, matundu ubavuni ya sukuma wiki. Mtoto hahitaji kuinama, mmea unamtazama usoni. Nililitaja kwenye kikao mara mbili. Mara ya pili niliambiwa gunia linaharibu sura ya bustani.

Likizo ya Agosti inakuja. Kunde za kupika zinazouzwa Marikiti huota vizuri tu, na kilo moja inatosha tuta lote na kubaki. Mwenyekiti, ukikosa wa kumtuma, nitapanda matatu ya 46 niende mwenyewe.