Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye: Hesabu ya Kamera ya Mtumba Kileleshwa

Canon 600D ilitoka mwaka 2011, na hadi leo kuna mtu inayemlipia kodi ya nyumba Kileleshwa, Nairobi. Katikati ya wiki kijana huyo hupiga picha nyumba za kupangisha kwa siku chache, kwenye maghorofa yaliyosimama mahali palipokuwa na nyumba za chini zenye bustani kubwa, upande wa Barabara ya Othaya na Gatundu. Jumapili hupiga picha familia ndani ya Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo ni jirani tu. Jumamosi ni za ruracio, yaani sherehe za mahari, na harusi. Kazi zote hizo anazifanya kwa lenzi moja, ile ya 18-55 iliyokuja na kamera. Sasa alitaka kuuza kila kitu, aongeze pesa kidogo, anunue Canon 6D ya mtumba, kwa kuwa picha zake za jioni zimejaa chembechembe na wateja wameanza kulalamika.

Nilimwomba asiuze kabla hatujapiga hesabu. Naiweka hapa kwa sababu vijana wengi wa Nairobi wanapoteza pesa mahali hapohapo.

Chembechembe hutokea kamera inapopata mwanga mdogo ikalazimika kuukuza. Bila flashi na bila kupunguza kasi ya shata, mwanga unaongezwa kwa njia mbili: kupanua tundu la lenzi, au kupanua sensa inayoupokea. Tuanze na sensa. Ile ya 600D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Ya 6D ni karibu 36 kwa 24. Ukizidisha, unapata eneo kubwa mara 2.6 hivi. Hiyo ndiyo faida nzima ya kubadilisha bodi, kabla hujagusa lenzi.

Sasa lenzi. Ile ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kupanuka kupita f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa ambazo Canon imewahi kutengeneza, inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Picha iliyohitaji ISO 6400 sasa inapigwa kwa ISO 640, kasi ya shata ikiwa ileile. Mara kumi dhidi ya mara 2.6. Tena hata angeipata 6D pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 24-105 f/4, jumla ya faida ingefika kama mara tano tu, na angekuwa ametumia pesa nyingi mno kuliko bei ya hiyo 50mm.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi mpaka umeshalipa. Lenzi yake ya 18-55 ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, na haiingii kabisa kwenye mdomo wa 6D. Angefika nyumbani na bodi nzuri isiyo na lenzi. Ile 50mm ni EF, inaingia kwenye 600D leo na kwenye 6D kesho. Na megapikseli zisimsumbue mtu hapa. 600D inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, na karatasi ya A3 kwa ubora wa uchapaji, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Ziko karibu sawasawa. Mteja wa harusi akitaka picha ya ukutani ya A3, bodi ya mwaka 2011 inatosha.

Lakini 50mm haimalizi kazi zote tatu, na hapa ndipo mtu anapopaswa kuangalia kazi yake kabla ya kuangalia duka. Chumba cha kulala cha ghorofa la Kileleshwa hakihitaji f/1.8. Kochi, meza na kitanda havitembei. Kamera inawekwa juu ya tripodi, ISO 100, tundu f/8, kipima-muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise, na mwanga wa dirishani unapewa muda wa kuingia. Shida ya chumba ni upana: 18mm kwenye sensa ndogo inakata ukuta mmoja daima, na mteja anataka aone dirisha, mlango na kitanda pamoja. Lenzi ya kufaa ni EF-S 10-18mm ya mwaka 2014, nyepesi, gramu 240, na kwa kuwa tundu lake ni dogo wapigaji wa harusi hawaitaki, kwa hiyo ikipatikana ya mtumba haina ushindani mkubwa. Dirisha likiwaka kupita kiasi, 600D yenyewe ina uwezo wa kupiga picha tatu mfululizo, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, kisha zikaunganishwa kwenye kompyuta. Kwa kazi hii 6D isingemwongezea hata shilingi moja. Tripodi imara ingemwongezea.

Arboretum ni ya 50mm moja kwa moja. Kwenye sensa ndogo ya Canon inaona kama 80mm, urefu unaopendeza kwa uso wa mtu, na chini ya miti ile mirefu mwanga ni haba hata saa sita mchana. Tahadhari ni kwamba kwa f/1.8 eneo lililo makini ni jembamba sana: mama na mtoto wakisimama mmoja mbele ya mwingine, mmoja atapotea. Funga hadi f/2.8 au f/4 kukiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Ruracio ndiyo ngumu. Watu ni wengi, hema limebana, na kitambaa cha hema kikiwa cha zambarau au buluu, kila uso unapata rangi hiyo. Hakuna bodi inayotibu rangi ya hema. Kinachotibu ni flashi. Na hapa 600D ina siri ambayo wengi walio nayo hawaijui: flashi yake ndogo ya juu inaweza kuiwasha flashi nyingine ya Canon, kama 430EX II, iliyowekwa mbali, bila waya wala kifaa cha ziada. Flashi moja ya mtumba kwenye stendi, ikielekezwa dari ya hema kama ni nyeupe au kwenye mwavuli kama sivyo, itazibadilisha picha za kijana huyu kuliko kamera yoyote atakayoonyeshwa madukani Moi Avenue. Jioni kwenye kumbi zenye taa za LED, aiweke shata 1/50 au 1/100 anapotumia mwanga wa ukumbi, maana umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kasi nyingine zinaweza kuacha mistari ya giza kwenye picha.

Kwa hiyo mpangilio tuliokubaliana ni 50mm na flashi kwanza, 10-18 na tripodi baadaye kidogo, bodi mwisho.

Je, lenzi hizi hazitapitwa na wakati? Swali ni la haki, kwa kuwa kamera za kioo zinaondoka sokoni. Canon ilianzisha mdomo wa EF mwaka 1987. Mwaka 2018 ikaleta EOS R, kamera isiyo na kioo yenye mdomo mpya wa RF, na pamoja nayo adapta ambayo lenzi za EF na EF-S hufanya kazi juu yake zikiwa na umakini wake wa kujiendesha. Lenzi ya EF iliyonunuliwa vizuri ina maisha marefu kuliko bodi yoyote utakayoifunga nayo. Nikon inahitaji uangalifu zaidi. Bodi zake ndogo, kama D5300, hazina mota ya kusukuma lenzi za zamani za AF-D, kwa hiyo utazungusha kwa mkono. D7000 ya mwaka 2010 inayo hiyo mota. Na adapta ya FTZ, inayopeleka lenzi za Nikon kwenye kamera mpya za Z, haina. Anayeuza AF-D kwa bei nzuri huenda anajua hilo.

Majina nayo yanachanganya. Mzigo kutoka Japani ukifika, utaona Kiss X5, na kutoka Marekani utaona Rebel T3i. Zote mbili ni 600D ileile, usilipe zaidi wala usikimbie. Sony iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni habari nyingine: nyingi zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha.

Ukikutana na muuzaji, kutaneni mchana, mahali penye watu na anga wazi. Njoo na kadi yako na kurunzi ndogo. Piga anga kwa f/16 au f/22 na uikuze picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, linasafishika. Lakini kwenye Nikon D600 ya mwaka 2012, madoa yanayorudi baada ya kusafishwa yalikuwa tatizo la shata yenyewe, ambalo Nikon ilikubali kulirekebisha bure mwaka 2014. Uliza kama hiyo iliyo mbele yako ilipita fundi. Funika lenzi, piga sekunde 30, tafuta nukta zinazowaka nyekundu au nyeupe. Kisha toa lenzi, mulika kurunzi kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo ndani si kitu. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula kioo. Lenzi iliyoishi Mombasa au Malindi ichunguze mara mbili, kwa sababu unyevu wa pwani ndio unaolisha kuvu.

Idadi ya mapigo ya shata: Nikon huiandika ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa programu ya bure. Canon nyingi za umri huu haziiandiki, unahitaji waya na kompyuta. Canon ilikadiria shata ya 6D kwa mapigo 100,000 na ya 5D Mark III kwa 150,000. Mpigaji anayepiga picha 1,500 kila Jumamosi anamaliza 78,000 kwa mwaka mmoja, kwa hiyo sura safi ya nje haikuambii kitu. Kwenye bodi zinazotumia betri ya LP-E6, fungua menyu ya betri: vijisanduku vitatu vya kijani maana yake bado inashika chaji vizuri.

Basi bodi ibadilishwe lini? Nionavyo, sababu nzito kuliko zote kwa mpigaji wa harusi ni kadi ya pili. 600D, 6D na 80D zina nafasi moja ya kadi, na kadi ikifa saa ya viapo hakuna cha kurudia. 5D Mark III ya mwaka 2012 na Nikon D750 ya mwaka 2014 zinaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, ingawa baadhi ya D750 ziliitwa kurudi kwa ajili ya shata, kwa hiyo nambari yake ihakikishwe kwanza. Kijana wetu akianza kupata harusi kubwa kila mwezi, aruke 6D kabisa, aende 5D Mark III. Lenzi yake ya 50mm na flashi yake vitamfuata huko.

Jambo la mwisho ni nambari ya bodi. Iko chini ya kamera, na kwenye Canon nyingi imeandikwa pia ndani ya kila picha. Zilinganishe, na kama kuna boksi au risiti, zilinganishe nazo. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Wapo wapigaji picha Nairobi wanaonyang'anywa mkoba wenye riziki yao yote. Muuzaji akikataa kuandika jina lake, nambari ya kitambulisho na nambari ya bodi kwenye karatasi kabla hujamtumia M-Pesa, ondoka, hata kama bei ni nusu.