Maua ya Kutu Juu ya Mtutu

Ukitaka kujua kama gobore kuukuu la fataki lina mtutu wa Damascus wa kweli, uvue mtutu kwenye ubao wake na kuutazama upande wa chini. Huko kusikoonekana ndiko mafundi wengi wa kuigiza walikobania jasho lao.

Katika bonde la Vesdre, karibu na Liège nchini Ubelgiji, wahunzi wa karne ya 19 waliotengeneza mitutu hiyo ya kweli walianza na vipande vyembamba vya chuma laini na feleji, wakavipanga tabaka kwa tabaka na kuvifua motoni mpaka vikawa nondo moja. Nondo za namna hiyo zilisokotwa zingali nyekundu, moja kulia, ya pili kushoto. Mbili au tatu zilifuliwa pamoja kuwa utepe, na utepe ukazungushwa kwenye ufito, mzingo ukigusa mzingo, kama ukili unavyoshonwa kuwa kikapu. Mizingo ikafuliwa tena hadi ikashikana, kisha tundu likakerezwa. Mtutu uliotoka hapo na kusuguliwa uling’aa mtupu, bila ua hata moja la mchoro wa Damascus. Maua yalijitokeza baada ya asidi na kutu kupita, kwa kuwa feleji na chuma laini haviliwi sawasawa: kimoja hugeuka cheusi, kingine hubaki cheupe.

Kazi hiyo ilikuwa ya gharama, na mnunuzi wa bei ndogo naye aliyataka maua yale yale. Tatizo la kifundi likawa hili: mtutu wa kawaida ni wa chuma cha aina moja, na kutu itaushika wote kwa rangi moja. Tofauti ambayo chuma hakina lazima itengenezwe juu ya ngozi yake.

Mafuta yalitolewa kwanza kwa chokaa, maana alama ya kidole peke yake huacha doa. Kisha mchoro ulipakwa kwa nta, vanishi au lami, ama kwa brashi ndogo, ama kwa kuhamishwa kutoka kwenye karatasi iliyochapwa. (Michoro ya mkono, pamoja na makosa yake, naipenda zaidi, ya karatasi inachosha macho.) Asidi ya nitriki iliyozimuliwa ilikula palipoachwa wazi, kina kidogo sana. Baada ya kusafishwa, mtutu ulipakwa dawa ya kutu, mara nyingi yenye mrututu ndani yake, ukaachwa penye unyevu hadi ukavaa wekundu. Ukichemshwa kwenye maji safi, wekundu ule hugeuka weusi, nao weusi uliolegea hupigwa brashi ya waya. Hurudiwa hivyo mara kadhaa. Mwishoni, palipoliwa na asidi pana mikwaruzo inayoshika weusi, na palipokingwa pakisuguliwa kidogo hurudi kijivu.

Kwa hiyo rangi ya mtutu wa kweli inatokana na aina ya chuma, na ya mwigo inatokana na kina. Ndiyo sababu mwigo huchakaa vibaya: pale mkono unaposhika bunduki kila siku, maua hufutika kabisa. Mchoro nao hujisaliti. Utepe wa kweli huuzunguka mtutu mzima kwa mshazari, na kingo zake hufuatika kwa jicho. Mchoraji aliyekuwa na haraka hukatiza chini, au hurudia ua lile lile kila baada ya nafasi ileile.

Ajabu ni kwamba mitutu ya feleji tupu ilipoenea mwishoni mwa karne hiyo, wanunuzi bado waliamini maua, na mitutu hiyo ikavishwa sura ya Damascus. Katalogi za Marekani ziliiuza kwa jina la mwigo, bila kuficha.

Jaribio la uhakika ni dogo. Safisha sehemu iliyofichwa na ubao mpaka ing’ae, upake kloridi ya feri. Maua yakirudi, yamo ndani ya chuma. Pakibaki kijivu kitupu, yalichorwa. Lakini kuna hila inayolishinda jaribio hili: gamba jembamba la Damascus halisi lililofuliwa juu ya bomba la chuma duni. Hilo halionekani ubavuni. Paka dawa kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu, utafute mstari wa duara unaotenga gamba na bomba.